Natafuta intaneti ya steshenari Nkuhungu, Dodoma: bando, rauta au faiba?

mama_kopi
Wakuu habari za jioni. Nafungua steshenari mwezi ujao na nimeambiwa bila intaneti ya uhakika nisijisumbue. Njia nilizonazo ni tatu, niendelee na bando la simu niwe nawasha hotspoti, ninunue rauta ya laini nilipie kwa mwezi, au nivute faiba (intaneti ya waya). Ipi bora? Nijibuni mapema maana hela ninayo sasa hivi, ikikaa wiki mbili itapata kazi nyingine.

Fundi_Sabasaba
Bora kwa nani? Uko mtaa gani, kompyuta ngapi, bajeti shingapi, wateja wako wanafanya nini? Mnauliza kama mnaagiza chipsi mayai.

mama_kopi
Samahani kaka. Nkuhungu mtaa wa ndani, sio barabarani. Kompyuta mbili na printa moja. Kazi ni maombi ya mikopo ya wanafunzi, ajira, mambo ya NIDA, control number, kuskani. Bajeti elfu 50 kwa mwezi, ikizidi sana 60.

Fundi_Sabasaba
Faiba. Funga usahau, hayo mengine ni kujitesa.

mzee_wa_Kisasa
Nkuhungu mtaa wa ndani faiba imefika? Dada usitoe hata mia kabla hujaiona kwa macho yako nguzo yenye boksi karibu na fremu. Mimi huku Kisasa ninayo sina shida, shemeji yangu yuko Nzuguni kaomba tangu kabla ya Ramadhani, mpaka leo wanamwambia tutakupigia.

Chilonwa_boy
Acha niseme yaliyonikuta na rauta, nilikuwa na kibanda karibu na chuo. Nikanunua kwa kampuni fulani siitaji, kijana wa mauzo ananiambia bila kikomo bro, bila kikomo kabisa, nikalipa. Wiki ya kwanza raha. Kufika tarehe 19 hivi ikaanza kutambaa, nikajua ni vumbi nikaipanguza na kitambaa (chekeni tu, upepo wa Dom mnaujua), wapi. Sasa ikaja siku ya mwisho ya maombi ya mkopo. Kuna binti katoka Mpwapwa, cheti cha kifo cha baba yake kakikunja mara nne kwenye rambo, nakinyoosha, naskani, napandisha, kinafika asilimia tisini kinarudi mwanzo, nyuma yake foleni imefika mpaka kwa muuza miwa. Napiga huduma kwa wateja naambiwa nimevuka matumizi ya haki, yaani GB walizonipangia, nikauliza haki ya nani? Nikaunga bando la simu kwa hela yangu, tumemaliza saa tano na nusu usiku, yule binti sikumchaji hata kopi. Ukienda kununua uliza spidi inashuka baada ya GB ngapi, na inashuka hadi ngapi, wakuandikie.

bwana_risiti
Wote mnalinganisha kampuni ila mbia mkubwa hamumtaji. Kwenye huduma za mawasiliano kuna ushuru wa bidhaa kama asilimia 17, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya bei NA huo ushuru. Piga hesabu, huduma ya 100 unailipia kama 138. Maana yake kwenye hiyo elfu 50 ya mama_kopi kama 13,800 ni kodi, intaneti yenyewe ni ya elfu 36 na kitu. Na kama hajasajiliwa VAT harudishiwi chochote. Uchague bando, rauta, faiba, hiyo inakusubiri mlangoni.

mzee_wa_Kisasa
Kila nchi wanakata, sio sisi tu. Uganda walianza 2018 na shilingi zao 200 kwa siku ili uingie WhatsApp na Facebook, 2021 wakaitoa wakaweka asilimia 12 kwenye data. Na zahanati mnataka zijengwe na nini?

bwana_risiti
Sijakataa kodi mzee wangu. Ninachouliza ni kwanini sijawahi kusikia hiyo 138 redioni. Mwaka 2021 Mwigulu, Waziri wa Fedha wakati huo, kasoma bajeti hapahapa Dodoma, tozo ya laini shilingi 10 hadi 200 kwa siku na tozo ya miamala ya simu 10 hadi 10,000. Taarifa nilizosikia mimi asubuhi yake zilikuwa ni serikali kuja na chanzo kipya cha mapato, basi, muziki. Hakuna aliyechukua mtu wa Majengo anayetuma elfu 20 kijijini akapiga hesabu yake hewani. Watu wameshtuka Julai hela ilipokatwa, kelele zikaanza, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Na hapo nikasikia tena serikali imesikia kilio. Kilio kilikuwa wapi kwenye taarifa zenu waandishi?

kalamu_ya_Bahi
Mimi ni mwandishi wa kujitegemea naomba mtuonee huruma kidogo. Hotuba ina kurasa kibao, mhariri anataka habari kabla ya saa kumi na mbili jioni, nalipwa kwa habari iliyotoka. Ukinukuu waziri hakuna anayekupigia simu. Ukiweka hesabu yako utapigiwa, na anayepiga ndiye mwenye matangazo.

Chilonwa_boy
Kwa hiyo hata bando la kutuma hiyo habari unakatwa 😂

kalamu_ya_Bahi
Najinunulia mwenyewe.

Fundi_Sabasaba
Jamani dada kauliza intaneti, nyie mshafika bungeni. Kwa elfu 50 faiba nasema tena.

mzee_wa_Kisasa
Na nguzo je?

mama_kopi
Nimerudi wakuu. Leo nimezunguka na mwenye fremu, nguzo ya karibu iko upande wa pili wa korongo, boksi sijaliona labda liko juu sana. Kuna jirani ana saluni kasema tuchangie rauta moja, nusu kwa nusu, ila yeye anaangalia tamthilia mchana kutwa. Halafu mwenye mashine ya laminesheni used tafadhali aje inbox.

Chilonwa_boy
Ninayo, A4, inapasha vizuri tu taa moja haiwaki. Uko tayari shingapi?