Krediti za koleji mtoto akiwa haiskuli Marekani: AP, College Credit Plus au CLEP?

MamaTumaini_Columbus
Habari zenu wote. Naomba ulinganisho. Kijana anaingia darasa la 11, shule ya umma hapa Ohio, GPA (wastani wa gredi) 3.3, anataka uuguzi katika chuo cha serikali humuhumu jimboni. Kaunsela ametaja AP (kozi za haiskuli za kiwango cha koleji zenye mtihani mwishoni) na College Credit Plus (CCP, mpango wa Ohio wa kusoma kozi za koleji ukiwa bado haiskuli). Jirani anasema hayo yote ni usumbufu, CLEP, yaani mitihani ya kupata krediti bila kusoma kozi, inatosha. Kipi kinaokoa pesa kweli, na mtego uko wapi?

Mwl_Baraka
Salaam Mama Tumaini. Anzeni na chuo anachotaka kwenda, haiskuli ifuate. Shahada ya kwanza ni krediti kama 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), kozi ya kawaida ni 3. Chuo kinaweza kuzipokea krediti zake zote na bado zisimpunguzie hata muhula mmoja, kwa sababu zimeingia kama kozi za ziada ambazo programu ya uuguzi haina pa kuziweka. Kwa hiyo fungueni ukurasa wa programu yenyewe, mwandike orodha ya kozi za mwaka wa kwanza, kisha ndiyo mtafute njia ya kupata kila moja.

Sasa CCP. Mtoto wa shule ya umma akisoma koleji ya umma, hamlipi ada wala vitabu. Kozi moja ya koleji yenye krediti 3 au zaidi inahesabiwa yuniti nzima ya haiskuli, kwa hiyo muhula mmoja wa Kiingereza cha koleji unajaza mwaka mzima wa Kiingereza cha shule. Hapo ndipo faida ilipo.

Kikomo kinawachanganya wengi. Chukua 30, toa yuniti za haiskuli pekee mara 3. Akibaki na masomo manne ya shule, 4 × 3 = 12, basi ana krediti 18 za CCP. Hizo ni za mwaka mzima wa shule, si za muhula. Kozi za sayansi zenye maabara huwa na krediti 4 au 5, na hizo ndizo zinazowavusha watu kikomo bila kutambua. Ikizidi, aidha anaacha kozi au mnailipia wenyewe.

Tena krediti 15 za kwanza lazima zitoke kwenye kozi za Level I, yaani zile zinazohamishika kwa urahisi. Hawezi kuamka tu akachukua kozi yoyote iliyomvutia.

KakaJuma_Dayton
Mwalimu amesema vizuri, ila mimi bado naipigia AP kura, na sababu ni moja: AP haiachi kovu. Mtihani ni Mei, alama ni 1 hadi 5. Akipata 2, hakuna chuo kinacholazimika kuiona, kwani yeye ndiye anayeamua kutuma alama. Akipata C- kwenye kozi ya CCP, hiyo imeandikwa kwenye transkripti (rekodi ya gredi) ya koleji na itamfuata kila atakapoomba nafasi, mpaka shahada ya uzamili.

Na kwa Ohio, vyuo vyote vya umma vinatoa krediti kwa alama ya 3 na kuendelea. Krediti inaingia bila gredi, haipandishi GPA wala kuishusha.

Gharama: mwaka 2025 mtihani mmoja ulikuwa dola 99, na familia za kipato cha chini zinapunguziwa. Oda inafungwa katikati ya Novemba, miezi sita kabla ya mtihani. Ukichelewa unaongeza dola 40, na ukiagiza usifanye vilevile unakatwa 40. Kila mwaka anaruhusiwa kutuma alama kwa chuo kimoja bure, mradi akitaje kabla ya tarehe 20 Juni. Baada ya hapo kila chuo ni dola 15.

Mwl_Baraka
Juma, kovu lipo, sikatai. Lakini AP ni mwaka mzima wa darasa unaoamuliwa na asubuhi moja ya Mei. Mtoto mwenye A darasani anaweza kutoka na 2, na krediti ni sifuri. CCP inapima kazi ya muhula wote. Mtoto anayeandika polepole kwa Kiingereza, hasa aliyefika Marekani akiwa mkubwa, huwa anafanya vizuri zaidi panapokuwa na kazi za nyumbani na nafasi ya kumwona mwalimu ofisini kuliko insha ya dakika 40 saa ikimkimbiza.

Suala la uzito wa gredi lisiwatishe. Sheria ya Ohio inataka shule izipe CCP na AP za somo lilelile uzito sawa kwenye GPA ya haiskuli.

NesiHalima
Naingia upande wa uuguzi tu, maana hapo watu wanaumia.

AP Biology haichukui nafasi ya anatomia na fiziolojia. Ni kozi tofauti kabisa. Tena programu nyingi za uuguzi zinaweka umri wa kozi za sayansi, mara nyingi miaka mitano au saba, na zinataka gredi ya C au zaidi, nyingine zinaangalia hata mara ngapi umeirudia. Ushindani wa kuingia unapimwa kwa GPA ya sayansi hizohizo. Kwa hiyo msimtupe mtoto wa miaka 16 kwenye anatomia ya krediti 4 ili "aimalize mapema". Akitoka na C amejifungia mlango ambao hata hajaufikia.

Kozi salama kwa CCP: uandishi wa Kiingereza wa kwanza na wa pili, utangulizi wa saikolojia, sosholojia, na takwimu. Hizo karibu kila programu ya uuguzi inazihitaji na hazina maabara. Saikolojia ya makuzi ya binadamu pia, lakini baada ya ile ya utangulizi. Kemia na anatomia aache mpaka amezoea mwendo wa koleji, au aje azifanye hukohuko chuoni.

DadaZawadi_Houston
Kwa walio Texas: huku mpango kama CCP unaitwa dual credit, na pesa zinatofautiana wilaya hadi wilaya. Kuna mpango wa FAST ulioanza 2023: mwanafunzi anayestahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu anasoma bila ada katika vyuo vinavyoshiriki. Muulize kaunsela kama koleji ya eneo lenu imo.

Namba za kozi za Texas zina siri ndogo inayosaidia sana. ENGL 1301: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni idadi ya krediti. Ukiona kozi inaanza na 0, hiyo ni ya kurekebisha, haihesabiwi kwenye shahada. Ukiona MATH 1314, hiyo ni aljebra ya koleji. Mtoto wa uhandisi haimsaidii, programu yake inaanza na MATH 2413 ambayo ni kalkulasi. Nyingi ya krediti zinazopotea huku zinapotelea kwenye hesabu.

Mzee_Tacoma
Washington tuna Running Start, mpango kama CCP, darasa la 11 na 12. Ada inalipwa, lakini vitabu na ada ndogondogo ni juu yako, ingawa wenye kipato cha chini wanasaidiwa. Angalizo moja: koleji zetu zinatumia robo mwaka, si muhula. Krediti 15 za robo ni sawa na 10 za muhula. Mtoto akihamia jimbo la mihula na krediti 5 za robo, anafika na 3.33. Kozi za mfululizo kama kemia, amalize robo zote tatu kabla ya kuhama, vinginevyo chuo kipya kinamwona ana nusu kozi.

PapaBukavu
Kuhusu CLEP, jirani yako hajadanganya, amesema nusu tu. Ni mtihani wa dakika 90 kwenye kompyuta, alama 20 hadi 80, na vyuo vingi vinaanzia 50. Bei iko chini kidogo ya dola 100, juu yake ada ya kituo. Shirika la Modern States linatoa kozi za bure mtandaoni, na ukizimaliza wanakupa vocha ya mtihani. Ukifeli unasubiri miezi mitatu. Shida ni kwamba chuo kimoja kinakubali mitihani ishirini na cha jirani kinakubali mitatu.

Lakini kwa familia zilizotoka Congo na Burundi, ipo CLEP ya Kifaransa. Ni kusikiliza na kusoma tu, hakuna insha wala kuzungumza. Pendekezo la kawaida ni krediti 6 kwa alama 50, na 9 kwa alama 59. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kifaransa anakaa asubuhi moja, anatoka na kozi mbili au tatu. Ulizeni kwanza: vyuo vingine havitoi krediti ya lugha kwa mtu aliyesomeshwa kwa lugha hiyo.

Asha_StPaul
Na Kiswahili je! Hakuna AP wala CLEP ya Kiswahili, lakini upo mtihani wa Avant STAMP, unapima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Minnesota tunautumia kwa mihuri ya lugha mbili ya jimbo, yaani vyeti vya kujua lugha zaidi ya moja. Katika vyuo vya mfumo wa Minnesota State, muhuri wa dhahabu unahesabiwa mihula mitatu ya lugha, platinamu minne, na mwanafunzi ana miaka mitatu ya masomo baada ya kumaliza haiskuli kuziomba hizo krediti. Haziji zenyewe, lazima aombe.

Kinachowaangusha watoto wetu ni kuandika. Anaongea na bibi kwenye simu saa nzima, ukimwambia aandike aya mbili anachanganya "nime" na "nili" na kuweka Kiingereza katikati. Mpe miezi miwili ya kusoma habari na kuandika barua fupi kila wiki. Waliokulia Kiswahili cha Lubumbashi au Goma wazoee pia maandishi ya Kiswahili sanifu kabla ya siku ya mtihani.

Ohio nayo ina muhuri wa lugha mbili, ila Mama Tumaini usiuhesabu kama krediti mpaka chuo kikujibu kwa maandishi.

MamaTumaini_Columbus
Nawashukuru sana. Nimeelewa: Kiingereza na saikolojia kwa CCP, anatomia isubiri. Maswali mawili. Akishindwa katikati ya muhula inakuwaje? Na nitaonaje gredi zake?

Mwl_Baraka
Koleji haitakuonyesha gredi zake, mama. Akishasajiliwa koleji, haki ya kumbukumbu za koleji inahamia kwake hata kama ana miaka 15. Unaweza kuwa ndiye unayempikia na kumpeleka kwa gari, koleji haikujui. Mwambieni ajaze fomu ya ruhusa wiki ya kwanza, au mkubaliane awafungulie akaunti yake kila Ijumaa.

Kuacha kozi: kuna dirisha la mwanzo, kwa kawaida siku 14 tangu kozi ianze, anatoka bila alama wala deni. Baada ya hapo ni W (alama ya kujiondoa) kwenye transkripti. Akipata F, wilaya inaweza kudai familia irudishe pesa. GPA ya koleji ikishuka chini ya 2.0 anawekwa kwenye uangalizi wa CCP.

W haishushi GPA, lakini inaweza kurudi baadaye kwenye msaada wa kifedha. Vyuo vingi vinataka amalize asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Amejaribu 12, amepita 6, hiyo ni 50, na anaweza kuanza mwaka wa kwanza akiandika barua ya rufaa kabla hata ya kuingia darasani.

Barua ya kusudio la kushiriki CCP ina tarehe ya mwisho, na ikipita mnahitaji idhini ya shule. Muulizeni kaunsela mapema, msingoje masika. Mtasaini pia fomu ya kukubali maudhui ya watu wazima, wewe na yeye. Kozi mbili zinatosha muhula wa kwanza.

KakaJuma_Dayton
Na AP moja ya takwimu pembeni, mwalimu. Oda Novemba.