Wadau, takwimu za maji zipo ofisi nne na kila ofisi ina lugha yake, tunaziunganishaje?

mpima_kina

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo kwa mliowahi kupita hii njia maana mimi nimekwama.

Niko idara inayoangalia mgao wa maji kwenye bonde moja la mto. Kina cha mto kinapimwa na watu wa hidrolojia, mvua iko kwa watu wa hali ya hewa, visima na vibali viko ofisi ya bonde, ubora wa maji uko maabara ambayo ipo chini ya wizara nyingine kabisa. Zote ni ofisi za umma, zote zinaendeshwa kwa kodi ileile, ila ukitaka kujua jambo moja tu, mfano visima vya upande fulani vinafaa kunywewa na vitatosha mpaka mvua zijazo, inabidi uzunguke milango yote na barua mkononi.

Juzi kati niliambiwa niandae taarifa hiyohiyo kwa siku 7. Nikaandika barua tatu. Ya kwanza ikajibiwa na PDF iliyoskaniwa, kurasa zimepinda, nikakaa usiku nachapa namba moja moja. Ya pili wakanipa eksel safi kabisa ila juu ya safu wameandika Q, H, N basi, hamna yuniti, hamna maelezo, na siku ambazo hawakupima wameweka -9999, mwenzangu akaijumlisha kwenye wastani bila kujua na tukapoteza siku nzima kutafuta kosa liko wapi. Ya tatu wakasema mpaka mkurugenzi aidhinishe, idhini ikatoka siku ya 9, taarifa imeshapelekwa.

Na kisima kilekile kina majina matatu. Ofisi ya bonde wanatumia namba ya kibali, maabara wanatumia jina la mwenye shamba, hidrolojia wana namba yao ya kituo. Nilijua ni kimoja kwa sababu nilienda mwenyewe nikasimama pale.

Kilichoniuma zaidi ni naitreti, ile kemikali inayopimwa kwenye maji ya kunywa. Kwenye kisima hicho maabara moja imeandika 9, taasisi nyingine imeandika 40, wiki ileile, zote mg/L. Kikaoni ikaonekana kuna mmoja anadanganya, watu wazima wakarushiana maneno, uamuzi ukaahirishwa, na wanaochota pale wanaendelea kuchota.

Sasa wakubwa wanasema dawa ni kununua mfumo mmoja mkubwa, kila ofisi imwage takwimu zake humo. Roho yangu haijatulia. Hivi kweli mfumo ndo tunachokosa? Mnashauri nianzie wapi?

maabara_kwanza

Pole sana mkuu. Kabla ya yote hebu rudi kwenye karatasi ya ile maabara iliyotoa 9, angalia maelezo madogo chini kama wameandika ni naitreti "kama N", yaani kama nitrojeni. Chukua 9 zidisha kwa 4.43. Unapata 39.9.

Yaani hakuna aliyedanganya. Naitreti ni nitrojeni moja na oksijeni tatu, kuna maabara zinaripoti uzito wa nitrojeni peke yake na kuna zinazoripoti naitreti nzima, 14 kwa 62, na hapo ndo hiyo 4.43 inatoka. Ndo maana Marekani kikomo chao kwenye maji ya kunywa ni 10 na Shirika la Afya Duniani wanasema 50, ukiziangalia unadhani hawa wakali na wale wamelegeza, kumbe 10 kama nitrojeni ni karibu 44 kama naitreti, hawapishani sana. Kwa hiyo kisima chenu, kama nimekisia sawa, kiko chini ya vikomo vyote viwili ila kiko karibu, msiache kukipima.

Mimi nimekaa maabara miaka mingi na hili linaninyima usingizi, kwa sababu kinyume chake ni hatari. Mtu akipata 12 iliyoandikwa kama N, hajui, akailinganisha na 50, atasema maji salama kabisa. Ile 12 ni 53. Na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Kosa zima ni herufi moja ambayo haikusafiri na namba.

Na msidhani ni sisi tu. Mwaka 2017 kuna utafiti ulitoka Marekani, walipitia rekodi karibu milioni 25 za nitrojeni na fosforasi kwenye maji zilizokusanywa na mashirika mbalimbali, wakakuta milioni 14.5 zina jambo la msingi linalokosekana au halieleweki, kama sampuli ilichujwa au la, ni kama N au nzima, yuniti gani. Pesa ya kupima ilishatumika, watu walishaenda mtoni, lakini rekodi nyingi kiasi hicho mtu mwingine hawezi kuzitumia bila kubahatisha.

Kingine uliza "haikuonekana" wanaiandikaje. Wapo wanaoweka 0, wapo wanaoweka nusu ya kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kukiona, wapo wanaoacha wazi, na aliyeacha wazi hujui kama hakupima au alipima hakukuta kitu.

bi_jedwali

Nakubaliana na maabara_kwanza kwa kila neno. Kuhusu mfumo mkubwa, mimi kazi yangu ndo hizo seva na nakuomba kwa moyo wote usianze na kununua. Mkimwaga takwimu zisizosomana sehemu moja mtakuwa nazo sehemu moja na bado hazisomani, tena safari hii hakuna anayejua mwenyewe ni nani wala nani wa kurekebisha.

Acheni takwimu zikae kwa anayezipima, yeye ndo anajua kituo kiliharibika lini. Mnachohitaji ni makubaliano ya jinsi ya kuzitoa. Marekani hivyohivyo, wana tovuti ya takwimu za ubora wa maji inaitwa Water Quality Portal, ukiuliza swali moja unapata majibu yanayotoka kwa zaidi ya mashirika 400, ya serikali kuu, majimbo, makabila, mpaka ya mitaa, na kila rekodi imeandikwa nani alipima. Hawakuwahamisha watu wote kwenye mfumo mmoja, walikubaliana safu ziitweje. Kwa takwimu zinazokwenda na muda kama kina na mtiririko kuna muundo unaitwa WaterML 2.0, ulipitishwa kimataifa 2012, msianze kubuni wa kwenu.

Ila kazi ya kwanza haina hata kompyuta kubwa. Ni orodha ya vituo. Kila kisima na kila kituo cha mto kinapata namba moja, na pembeni unaweka namba za zamani za kila ofisi, hakuna anayelazimishwa kuacha yake. Latitudo, longitudo, nani anapima, anapima nini, tangu lini. Kwenye hizo koodineti kuwa makini sana, nimeshaona latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi visima vyote vikaangukia baharini. Ukimaliza hiyo orodha, majina matatu ya kisima chako yameisha.

Ya pili ni karatasi moja ya maelezo kwa kila faili, safu hii ni nini, yuniti gani, saa za wapi, alama ya kukosa kipimo ni ipi. Ile -9999 isingekusumbua.

mpima_kina

maabara_kwanza nimetoka kuangalia sasa hivi. Ukurasa wa mwisho, herufi ndogo kabisa chini ya mhuri, "matokeo yametolewa kama N". Kwenye eksel waliyotutumia hayo maneno hayapo, aliyenakili alichukua namba tu. Asante sana, kesho asubuhi namwandikia kila aliyekuwa kwenye kile kikao.

mlinzi_wa_chanzo

Mimi niseme upande wa pili maana niko ofisi ambayo mnaiona inabana. Si kila anayechelewa kutoa ana roho mbaya. Tulishawahi kutoa takwimu za kina cha mto za wiki moja kabla hazijahakikiwa, kifaa cha kupimia kilikuwa kimeshikwa na takataka, mtu akachukua akatangaza mto umefurika, watu wakahama usiku na watoto. Lawama ilikuja kwetu. Tangu hapo kila kitu lazima kipite juu.

Na kuna mambo si ya kuweka hadharani tu hivihivi. Mita ya nyumba ya mtu inaonesha lini hayupo nyumbani. Mahali hasa mabomba makuu yanapochukulia maji nako sipendi kuona kila mtu anapachungulia. Nikiulizwa mimi nataka kushirikishana, lakini nataka mtu anilinde nikifanya hivyo.

bi_jedwali

Kaka hoja yako ni ya kweli na nafikiri wengi wanaobana wana kidonda kama hicho. Ila dawa yake si kufungia. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, wanatoa kina cha mito kikiwa bado kibichi, ila kimewekwa alama wazi kwamba ni cha muda na kinaweza kubadilika, kikishahakikiwa alama inabadilishwa. Anayeangalia mafuriko anakipata mapema, anayeandika ripoti anasubiri kilichoiva. Bila alama hiyo mnabaki na mawili, kuchelewa au kulaumiwa.

Kuhusu mita za nyumba nakuunga mkono asilimia mia, hizo ni za mtu. Toeni jumla ya eneo. Lakini kina cha mto si siri ya mtu.

karani_wa_sheria

Naona mmeongea sana ya kitaalamu, mimi naongeza ya karatasi. Nimeshuhudia makubaliano mazuri ya ofisi mbili yakifa siku mtu mmoja alipohamishwa. Walikuwa wanapeana kwa sababu wanaelewana, basi. Ndugu mlinzi anasema anataka kulindwa, na anayeweza kumlinda ni sheria iliyoandika kwamba kutoa ni wajibu wake.

Australia walifika hapo kwa ukame mrefu uliowabana, sheria yao ya maji ya 2007 ikaipa mamlaka ya hali ya hewa kazi ya kukusanya takwimu za maji za nchi nzima, na kanuni za 2008 zikataja nani anatoa nini na kwa muda gani, wanaotoa ni zaidi ya taasisi 200. California nao katikati ya ukame, 2016 wakapitisha sheria inaitwa AB 1755 inayoitaka idara ya rasilimali za maji, pamoja na wa ubora na wa samaki na wanyamapori, waweke takwimu zao wazi na zisomane. New Mexico wakafuata 2019. Angalieni miaka hiyo, wengi walisubiri maji yapungue kwanza, na mimi ningetamani sisi tusisubiri.

Hata kati ya nchi na nchi yapo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha azimio namba 25 mwaka 1999 la kubadilishana takwimu za hidrolojia bure na bila vizuizi, na 2021 wakapitisha sera moja inayojumuisha na maji. Ukiandika dokezo kwa wakubwa anzia hapo, ofisi zinazokataa kupeana ndani ya jengo moja zimo kwenye nchi iliyokubali kupeana na jirani.

zamu_ya_asubuhi

Mimi si mtaalamu wa kompyuta, nilikuwa nasoma ile rula ya mtoni ya kupimia kina, asubuhi na jioni, mvua jua, miaka 11. Naomba msinisahau kwenye orodha yenu ya vituo.

Mwaka fulani mafuriko yaliing'oa ile rula. Wakaja mafundi wakaweka nyingine, ila waliiweka chini kwa sentimita 32 kuliko ya zamani. Maji yaleyale, lakini kuanzia siku hiyo nasoma 32 zaidi. Nikaandika kwenye daftari, pembeni, kwa kalamu nyekundu, tarehe na saa, "rula mpya, imeshuka sm 32". Baadaye nikaja kuona mchoro wa huo mto umetundikwa ofisini, miaka yote kwenye mstari mmoja, na mwaka ule unaruka juu ghafla. Kijana mmoja akaniambia hiyo ni athari ya kukata miti milimani. Nikamwambia mwanangu hiyo ni rula. Daftari lilikuwa kwenye kabati chumba hichohicho.

Wanaochapa wanachukua namba, pembeni hawaangalii. Sasa mkigawa hizo takwimu kwa ofisi nne, kosa la ile rula mnaligawa mara nne. Nendeni mkachukue madaftari kwanza kabla mchwa hawajayamaliza, na wasomaji wa zamani tupo, tuulizeni.

mpima_kina

Mzee wangu zamu_ya_asubuhi shikamoo, umenigusa sana. Nimeenda stoo yetu leo mchana, kuna madaftari kama 40 kwenye maboksi, mawili yameshalowa. Nimeyapandisha juu ya meza na nimeanza kupiga picha kurasa zenye maandishi pembeni.

Nimeongea na dada wa ofisi ya bonde na yule wa maabara, hatujaenda kwa wakubwa bado. Tumekubaliana tuanze na visima 25 vya upande ule tu, orodha moja, namba zote tatu, na safu ya naitreti tumeigawa mbili, moja kama N na nyingine nzima, ikikosa maelezo hatuijazi mpaka tupige simu maabara. mlinzi_wa_chanzo nimechukua na lako, kuna safu ya "kibichi" na "kimehakikiwa". karani_wa_sheria naomba kama una muda unisaidie kuandika hilo dokezo, maana mkurugenzi wetu anastaafu mwezi wa tatu na nataka alisaini kabla hajaondoka.

Bado swali moja kwa bi_jedwali. Kisima kikifukiwa na kingine kikachimbwa hatua tano pembeni, mwenye shamba yuleyule na kibali kilekile, tunakipa namba mpya au kinarithi ya zamani?

bi_jedwali

Namba mpya. Ya zamani unaiandikia tarehe ya kufukiwa na haitumiki tena kwa kisima kingine chochote, halafu unaandika kipi kimefuata kipi. Kina cha kuchimba si kilekile na maji yanaweza yasiwe yaleyale.