Naombeni ushauri: kampuni yangu imeshtakiwa Marekani, naweza kujibu mwenyewe bila wakili?

Wakuu, habari za wakati huu. Mlioko Marekani au mnaozijua sheria za kule, naombeni msaada.

Nina kampuni ndogo ya usafirishaji, ni LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), mmiliki ni mimi peke yangu. Mteja ameishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu, si ya jimbo) akidai imevunja mkataba. Hati ya wito inasema wazi: siku 21 za kujibu, la sivyo mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja.

Niliandaa majibu, nikayasaini kama mkurugenzi, nikayapeleka masijala. Karani alitazama jina la mdaiwa, akatazama saini, akaniuliza, "Wakili wako ni nani?" Nimesoma kesi ya Rowland ya mwaka 1993: Mahakama ya Juu ilisema kampuni huingia mahakama za shirikisho kupitia wakili mwenye leseni tu. Mtu binafsi anajitetea, kampuni hapana, hata ya mtu mmoja. Najua majimbo mengi yanalegeza kwenye madai madogo, ila yangu haiko huko.

Mawakili niliowapigia wanataka malipo ya awali ambayo kwa sasa siyamudu.

Maswali yangu:

Naweza kuomba nyongeza ya muda kwa saini yangu ili nitafute wakili, au hata ombi hilo litatupwa?

Na je, kuna mawakili wanaokubali kuandaa na kusaini majibu tu, kesi nzima tukaijadili baadaye?