Naomba ushauri: umbali wa nyota, lini sini na lini tanjenti?

Mdadisi: Habari wakuu. Najisomea trigonometria na nimekwama kwenye umbali wa angani. Kupata umbali wa Zuhura kutoka kwenye Jua, kitabu kinatumia sini. Kikifika kwenye nyota kinatumia tanjenti, na pembe iliyopimwa inagawanywa kwanza kwa mbili. Ajabu, nikitumia sini kwenye nyota napata jibu lile lile! Nitajuaje ipi ni ipi?

Kilimia: Mkuu, fomula iweke pembeni kwanza. Chora, halafu tafuta pembe mraba imekaa wapi. Zuhura inapoonekana mbali kabisa na Jua, nyuzi 46 hivi, mstari wa macho yako unaigusa njia yake bila kuikata. Mstari wa namna hiyo hukutana na nusu kipenyo kwa nyuzi 90, kwa hiyo pembe mraba iko kwenye Zuhura. Umbali wa Dunia na Jua, kilomita milioni 150, ndio haipotenusi (upande mrefu kuliko yote, unaoikabili pembe mraba), nawe unatafuta upande unaoikabili pembe yako. Sini hiyo (upande unaoikabili pembe, ugawe kwa haipotenusi), na sini ya 46 ni 0.719: 150 × 0.719, unapata milioni 108.

Kwa nyota, pembe mraba inahamia kwenye Jua. Zile milioni 150 sasa ndizo zinazoikabili pembe iliyo kwenye nyota, na unachotafuta ni upande wa jirani. Ndiyo maana inatumika tanjenti: upande unaoikabili pembe, ugawe kwa wa jirani.

Chaki: Naongezea hilo la kugawanya. Nyota hupimwa mara mbili, miezi sita ikipita katikati, Dunia ikiwa imehamia upande wa pili wa Jua. Pembetatu nzima ina kitako cha kilomita milioni 300 na haina pembe mraba. Ikate katikati pale kwenye Jua, unabaki na mbili zenye pembe mraba, kila moja na nusu ya pembe.

Mdadisi: Nimeelewa, asanteni sana. Na majibu kufanana?

Kilimia: Hapo ndipo patamu. Chukua nyota ya Proxima Centauri: nusu pembe yake ni sekunde 0.768, na sekunde moja ni digrii 1 ugawe kwa 3,600. Tanjenti inakupa umbali kutoka kwenye Jua, sini inakupa kutoka kwenye Dunia. Yote ni kilomita trilioni 40 hivi, na yanapishana kwa kilomita kama 280 tu! Kikokotoo cha tarakimu 10 hakiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Kwa Zuhura usithubutu kubadilisha, pembe ni kubwa, utapotea kabisa.

Chaki: Udogo huo wa pembe ndio uliowatesa wanaanga kwa karne nyingi. Mwanaanga Mjerumani Bessel alitangaza kipimo cha nyota ya 61 Cygni mwaka 1838. Jaribu nayo, mkuu: kwa vipimo vya sasa nusu pembe yake ni sekunde 0.286.

Mdadisi: Nimepata kilomita trilioni 108. Nikigawa kwa trilioni 9.46, yaani kilomita za mwaka mmoja wa nuru, ni miaka ya nuru 11.4.

Chaki: Ndiyo yenyewe.