Fundi hapa Moshi mjini kaichomelea bomba baiskeli yangu ya kike bila kuniuliza, halafu anataka nilipie!

Wakuu salaam. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa mafundi pikipiki, hili ni jambo lingine kabisa.

Nimetoka kuchukua baiskeli kwa fundi maeneo ya Mbuyuni na hapa ninapoandika bado natetemeka kwa hasira. Niliipeleka kwa tatizo moja tu, gololi za gurudumu la mbele zilikuwa zinalia. Naikuta imechomelewa bomba, kutoka chini ya siti mpaka shingoni kwenye usukani. Na wala si bomba la baiskeli jamani. Ni bomba la maji la nusu inchi, upande mmoja bado lina zile nyuzi za kufungia koki! Rangi imeungua mpaka chuma kimegeuka bluu. Kava ya cheni imeng'olewa. Kikapu kimetupwa pembeni, ndani yake kaweka kopo la oili chafu.

"Mama, nimekuimarishia. Sasa ndiyo baiskeli kamili." Na mkono kaunyoosha: elfu kumi na tano ya kuchomelea, mbali na ya gololi.

Kamili? Ilikuwa pungufu lini?

Kwa wasioijua, ni ile ya Kijapani ya mtumba, isiyo na bomba la juu. Unapitisha mguu mbele ya siti, unakaa, unaondoka. Usukani umekuja karibu na mwili, mgongo unanyooka, unaona barabara badala ya kuangalia tairi la mbele. Nyuma ina kufuli yake palepale kwenye gurudumu, chini ina stendi ya miguu miwili. Mimi ni mama wa gauni na kitenge, nakaa Pasua, nauza mchele mjini. Kwenye keria nafunga kiroba cha kilo ishirini na tano. Nishike usukani, nirushe mguu juu ya kiroba nikiwa na gauni, mbele ya watu wote wa Mbuyuni? Hebu semeni wenyewe.

Hata nyie kaka zetu mnaobeba mikungu ya ndizi mnalijua hili, mnanyamaza tu. Mzigo ukishapita kimo cha siti, mguu haupiti nyuma. Mnasukuma, mnakimbia kidogo, mnarukia. Sawa, umeondoka. Sasa boda akukatie mbele pale kipilefti cha Mnara wa Saa, ufunge breki ghafla, utashukia wapi? Bomba ndilo litakalokupokea, na mnajua litakupokea wapi. Mimi kwa baiskeli yangu naweka tu miguu yote miwili chini, mzigo umetulia, namtukana boda nikiwa nimesimama wima.

Na kava ya cheni! Fundi anasema "lile pambo nimelitoa, lilikuwa linapiga kelele". Pambo? Ile kava ndiyo inayozuia kitenge kisiingie kwenye cheni. Nguo ikishikwa na cheni ukiwa unakanyaga kwenye mteremko, unaanguka ukiwa umefungwa kwenye baiskeli, hata kuruka huwezi. Na mji wetu wa Moshi umelala mteremko, kutoka hospitali ya KCMC mpaka njia ya kiwanda cha sukari cha TPC unashuka tu kwa kasi. Kaitoa, kaitupa, na haipatikani dukani.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema fremu isiyo na bomba ni dhaifu. Ni kweli fremu yenye bomba la juu inakaza zaidi kwa chuma kilekile. Waliotengeneza hizi walilijua hilo kabla ya babu zenu, ndiyo maana mabomba ya chini ni mazito na baiskeli nzima ina uzito wake. Japani kina mama wanapakia watoto wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Uholanzi wanaume wazima wenye suti wanaziendea kazini. Fundi wa kijiweni kaona wote hao wamekosea, yeye ndiye wa kuwasahihisha kwa bomba la maji. Bomba lenyewe lina zinki juu, na zinki haishikani vizuri na welding. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea homa anayechomelea (na huyu hakuvaa hata barakoa, ila hilo ni lake). Halafu moto mkali kwenye chuma chembamba cha fremu unakidhoofisha palepale pembeni ya kiungo. Kwa hiyo kaiharibu pale alipodai kuiimarisha. Nimemlipa ya gololi. Hiyo nyingine nikamwambia akamdai aliyemtuma.

Wauza spea nao ni walewale. Unaomba tairi la inchi 26 la Kijapani, mangi anakutolea la mauntini (zile baiskeli za milimani), anakwambia "26 ni 26 mama, litaingia tu". Haliingii! Rimu yangu ni ya 26 kwa 1 3/8, kipenyo chake milimita 590. Ya mauntini ni 559. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 37-590, yaani upana na kipenyo kwa milimita, macho mnayo, someni. Ukimwonyesha anakushauri ubadilishe rimu zote mbili. Zile baiskeli nyeusi za inchi 28, kina Phoenix, spea zake zimejaa mpaka nje ya duka, nazo namba yake ni nyingine, 635. Basi sisi tuhame baiskeli kwa sababu yeye kashindwa kuagiza tairi.

Walinzi wa benki wanaotufukuza na baiskeli ilhali boda zimejaa getini, nitawaanzishia uzi wao.

Ila kinachoniuma zaidi ni hii tabia ya kuiona baiskeli ya kike ni ya kuchekwa. Mzee wa jirani nyonga imemchoka, kurusha mguu hawezi tena. Yangu anaipanda bila shida. Lakini anakuja kuniazima giza likiingia kama anaiba, mchana anaogopa vijana wa kijiweni. Na hao vijana ndio wanafunzi wa fundi huyuhuyu.

Sasa naomba msaada. Nani anamjua fundi wa kukata bomba hili kwa msumeno wa mkono, taratibu, na kulainisha kwa tupa? Sitaki grainda kwenye fremu, na sitaki anayeanza na "mama, kwa nini usiliache tu". Moshi ikikosekana nitaipakia kwenye Coaster mpaka Arusha. Na mwenye kava ya cheni ya Kijapani ya 26, hata iliyokwaruzika, aweke picha na bei hapahapa.