Pikipiki ya theluji kwenye pikapu ya bodi fupi: kilango wazi, jukwaa au trela?

MwanzoWaBaridi

Wadau, salaam. Nina pikapu yenye kabini ya milango minne na bodi ya mizigo yenye urefu wa sentimita 170, na msimu huu nimepata pikipiki ya theluji yenye urefu wa sentimita 310 na uzito wa kilo 230 hivi bila mafuta. Kila niliyemuuliza ana jibu lake: mmoja ananiambia niipakie vivyo hivyo na kuacha kilango cha nyuma wazi, mwingine anasisitiza jukwaa linalofungwa juu ya bodi, na wa tatu anasema kwamba bila trela nisijisumbue. Mara nyingi nitasafiri peke yangu, mwendo wa saa tatu kila upande, kwenye lami inayomwagwa chumvi. Naomba ulinganisho kutoka kwa watu waliokwisha kuzitumia njia hizi, si waliozisikia tu.

Racheti_Nne

Ndugu MwanzoWaBaridi, nimebeba kwa kilango wazi kwa misimu mitano na sijajuta, ila hesabu inayofanywa na wengi ina kasoro. Hujumlisha sentimita 170 za bodi na 55 za kilango, wakapata 225, kisha wakajifariji kwamba sentimita 85 zinazobaki ni mkia mtupu. Piga magoti kando ya pikipiki yako, uipime kuanzia ncha ya skii, yaani vitelezeo vya mbele, na utaona kwamba sehemu ya mnyororo wa mpira inayogusa ardhi huanza karibu sentimita 150 na kuishia karibu 265. Maana yake ni kwamba ndani ya bodi zimo skii na kipande kidogo tu cha mnyororo, na karibu uzito wote wa nyuma umekaa juu ya kilango, ambacho kinashikiliwa na nyaya mbili nyembamba na bawaba zake. Gari likiwa limesimama, nyaya hizo hazisemi kitu; gurudumu la nyuma linapoingia shimoni ndipo mzigo unapozidi ghafla, na nimeshuhudia waya ukikatika kwenye gari lililokuwa mbele yangu, kilango kikaangukia bampa na pikipiki ikabaki imeinua pua.

Dawa yangu ni chuma chenye umbo la T kinachochomekwa kwenye tundu la kuvutia trela na kuinuliwa mpaka kigusane na ukingo wa kilango, pamoja na ubao mrefu wa plaiwudi unaotoka bodini hadi kwenye kilango ili mzigo usielemee bawaba. Soma kwanza uzito ulioandikwa kwenye chuma hicho, kwa kuwa vingi vya namna hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya mbao na mitumbwi.

Mkaza_Mikanda

Racheti_Nne hakugusia mikanda ya kufungia mzigo, jambo la ajabu kwa mtu aliyejiita kwa jina la kikaza mikanda. Kwenye bodi ndefu, mikanda ya mbele huvuta mbele na ya nyuma huvuta nyuma, hivyo chombo kinabaki kimeshikwa katikati. Kwenye bodi fupi mkia wa pikipiki umeshapita vishikio vya mwisho vya bodi, kwa hiyo hata mikanda ya nyuma inalazimika kurudi mbele, na mikanda yote minne inaishia kuvuta upande mmoja. Hilo si kosa, mradi skii zimeegemea kitu kigumu. Weka ubao mnene kati ya ncha za skii na ukuta wa mbele wa bodi. Usipouweka, ukuta utabonyea, na kila utakapobonyea kidogo mikanda italegea kidogo.

Safari ya kurudi ndiyo yenye hila zaidi. Pikipiki inatoka porini ikiwa imejaa theluji iliyogandamana kwenye springi na ndani ya mnyororo. Unaikaza barabara, unaondoka, theluji inayeyuka au inadondoka, chombo kinashuka, na mkanda uliokuwa unalia kama gitaa unaanza kupepea. Mimi husimama baada ya kilomita chache za kwanza na kukaza upya, hata kama baridi inaniuma vidole.

Jukwaa_Juu

Nyote mnahangaika na tatizo ambalo jukwaa limeshalimaliza. Jukwaa hukaa juu ya kingo za bodi, halijali matuta yanayofunika magurudumu ndani ya bodi wala kilango, na pikipiki nzima hulala juu ya sakafu moja iliyonyooka. Yangu inabeba pikipiki mbili pembeni kwa pembeni, na chini yake mizigo mingine inakaa pakavu. Upepo wa pembeni unasikika kwenye usukani, sikatai, lakini dereva huzoea.

Hesabu_Kwanza

Kabla ya kuzoea upepo, mwenzetu afungue mlango wa dereva asome kibandiko kilichopo kwenye fremu yake, kinachoonyesha uzito wa watu na mizigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Tuchukulie mfano wa pikapu iliyoandikiwa kilo 680. Watu wazima wanne pamoja na mabegi yao ni kama kilo 400, jukwaa lenyewe ni kilo 150, na pikipiki moja ya kilo 230 yenye lita 40 za petroli inafika kilo 260. Jumla ni 810, na pikipiki ya pili hatujaigusa. Kwa kuwa muulizaji husafiri peke yake, jukwaa na pikipiki moja vinaingia bila shida, lakini wenye kujaza viti vyote wasije wakamwiga.

Jambo la pili ni mwinuko wa rampu ya kupakilia, na hapa ndipo mtu anayepakia peke yake anapoumia. Kilango cha pikapu kubwa kina kimo cha sentimita 90 hivi. Rampu ya mita 2.4 itapanda kwa nyuzi 22, na ya mita 3 itapanda kwa chini ya nyuzi 18. Jukwaa likiwa sentimita 140 kutoka ardhini, rampu hiyohiyo ya mita 3 inapanda kwa karibu nyuzi 28. Kwa mwinuko huo huwezi kusitasita katikati, na ukiongeza mafuta kwa hofu, kinachokusubiri mbele ni kioo cha nyuma cha kabini. Winchi ndogo ya umeme iliyofungwa mbele ya jukwaa huondoa mashaka hayo.

Racheti_Nne

Niongeze kwamba rampu ifungwe kwenye gari kwa mnyororo au mkanda, bila msamaha. Msimu wangu wa pili niliharakisha nikaiweka tu juu ya ukingo wa kilango. Skii zilipita salama; mnyororo wa mpira uliposhika vipago vya rampu, uliisukuma rampu yote nyuma badala ya kuisukuma pikipiki mbele, nami nikabaki nimening'inia, tumbo la pikipiki likiwa juu ya ukingo na mnyororo ukizunguka hewani. Tangu siku hiyo pia hutafuta ukingo wa theluji au mahali penye bonde, nikarudisha magurudumu ya nyuma humo, na mwinuko wa rampu hupungua karibu nusu.

Trela_Daima

Kwa mtu anayesafiri peke yake, jibu langu ni trela ndogo ya ekseli moja yenye sakafu inayoinama. Unachomoa pini, sakafu inalala, unapanda taratibu kimo kisichofika hata goti, na uzito wa chombo ukivuka ekseli sakafu inarudi yenyewe. Hakuna kilango cha kuhurumia wala kioo cha kuvunja, na bodi inabaki wazi kwa mizigo. Pakia ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ielemee kiungio. Ikipungua hapo, trela itaanza kutikisa mkia kwenye barabara yenye utelezi.

Sitaficha kero zake. Magurudumu ni madogo, yanazunguka kwa kasi kubwa, na beringi zisipopakwa grisi kila msimu zitakuacha njiani. Chumvi hula waya za taa. Kwenye theluji nene isiyosafishwa trela hujiburuta kama jembe, na kurudi nyuma kwenye maegesho yaliyobana kunataka uvumilivu.

Mkaza_Mikanda

Na pikipiki ikiwa kwenye bodi, uzito wake huyasaidia magurudumu ya nyuma ya pikapu kushika barabara yenye barafu, wakati trela haitoi msaada huo kwa kiasi hicho. Mimi hilo peke yake linanitosha kubaki na kilango, chuma chake cha T na kitambaa chekundu mkiani. Sheria ya mzigo unaotokeza nyuma hutofautiana, kwa hiyo kila mmoja asome ya kwake, ahakikishe pia kwamba mkia haufuniki taa wala namba ya gari.

MwanzoWaBaridi

Nashukuru sana. Nimepima jana jioni: mnyororo wangu unaanza sentimita 148 na kuishia 262, kwa hiyo maneno ya Racheti_Nne yamethibitika. Kati ya matuta ya magurudumu kuna sentimita 124, na skii kutoka ukingo hadi ukingo ni 121, yaani hakuna nafasi ya kukosea nikiwa peke yangu gizani. Jukwaa nimeliacha kwa sababu ya mwinuko. Nitaanza na trela ya kuazima yenye sakafu inayoinama. Swali moja limebaki: pikipiki niivalishe turubai njiani au linaharibu rangi?

Trela_Daima

Valisha, kwa sababu pikapu itairushia pikipiki tope la chumvi safari nzima, ila liwe turubai lililoshonwa kwa umbo la chombo na kukazwa chini pande zote. Turubai lililolegea husugua rangi na plastiki. Ukifika, osha kwanza sehemu ya chini na beringi za mnyororo, ndipo uoshe sehemu ya juu ya pikipiki.