Maleba na jukwaa: ni utafiti au kazi ya mikono?

Mshonamaleba: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anasoma sanaa za maonyesho, chuo sikitaji. Swali lake la utafiti: kwenye *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya Vita vya Majimaji, maji ya dawa yaonekane vipi jukwaani bila kumwaga hata tone? Kajaribu mara tatu. Alianza na kaniki, ikaonekana kama shimo. Akatandaza merikani nyeupe, ikawa sanda, watu wa safu ya mbele wakanyamaza ghafla. Mwisho akaichemsha merikani ileile na magome ya mikoko, ikatoka rangi ya Rufiji ya masika. Kachora, kapiga picha, kaandika kila mara watazamaji walisema nini. Msimamizi kamwambia hiyo ni kazi ya mikono, arudi na kurasa 80 za nadharia. Mnasemaje?

Kisiki: Pole zake, ila msimamizi yuko sahihi. Utafiti ni hoja, kitambaa hakina hoja. Na tuambiane ukweli, hawa wapamba jukwaa ni maseremala waliochangamka tu.

Randa_na_Msumeno: Kisiki, mimi ni seremala. "Waliochangamka" maana yake sisi wengine tumelala? Nilishajengea shule moja jukwaa, wakataka ngazi za kupanda wima. Nikamvisha mtoto kanzu ya mfalme nikamwambia panda. Akajikwaa ya tatu. Nikazilaza. Wewe hoja yako ulishaivisha kanzu?

Kisiki: Sikukulenga wewe kaka, usichukie.

Randa_na_Msumeno: Umesema maseremala. Nani mwingine?

Mlimani_kwetu: Kisiki, omba radhi tuendelee. Caspar Neher, mpamba jukwaa wa Kijerumani, alikuwa anamchorea mwandishi wa tamthilia Brecht wahusika wamesimama wapi, nani kampa nani mgongo, na mazoezi yakafuata michoro. Na kijijini Kamiriithu, Kenya, kama 1978 hivi, wanakijiji walipanga njiti za kiberiti chini kabla hawajajenga ukumbi wao wa wazi. Hawakuwa na msimamizi.

Kisiki: 1977, sio 1978. Na ukumbi polisi wakaubomoa 1982. Tuwe makini na tarehe, ndiyo maana nasema watu waandike.

Mlimani_kwetu: Mwaka nimekosea, nimekubali. Njiti je?

BintiMrima: Mie naona merikani imekaa vizuri, ila wanawake kwenye mchezo wavae khanga jamani. Kaniki kila siku, kama msiba.

Kisiki: Khanga 1905? Dada, hiyo ni Vita vya Majimaji au sherehe ya unyago?

BintiMrima: Unyago umeingiaje hapa? Unyago una heshima yake, usiutolee mfano wa kejeli. Na khanga zilikuwepo pwani tangu mwisho wa karne ya 19. Maandishi ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Muulize bibi yako.

Mshonamaleba: Dada, pwani sawa. Huko ndani Ngarambe, kwa Kinjeketile mwenyewe, mwanamke wa shamba la pamba la kulazimishwa angeipata wapi?

BintiMrima: Kwa hiyo watu wa bara hawapendi kupendeza?

Mshonamaleba: Sijasema hivyo.

Mlimani_kwetu: Si mnaona? Hilo la nani alivaa nini ni swali la utafiti, na lisingeibuka pasipo kitambaa.

Kisiki: Basi aliandike.

Randa_na_Msumeno: Kaandika! Soma juu. Kila jaribio na maneno ya watazamaji. Na radhi yangu bado.

Mwali_wa_Kilwa: Samahani nimechelewa. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya mbono na mtama. Huyo mdogo mtu amejaribu mtama? Ukimwagwa juu ya ngoma iliyolala unalia kama mvua.

Mshonamaleba: Ngoja nimpigie sasa hivi. Kilo moja inatosha?

Mwali_wa_Kilwa: Mbili. Na ngozi iwambwe sawasawa.

Kisiki: Seremala, samahani.